Haki Huanza kwa Hesabu ya Kweli



Kwa miaka mingi imesemwa katika mikutano na magazeti kwamba Kibera ya Nairobi ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipotoa hesabu yake, waliopatikana ni 170,070. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra, ambayo ina mitaa ya nyumba za mawe pia. Huenda wako waliosahauliwa. Hata hivyo, tofauti ya mamia ya maelfu haitokani na vibanda vichache vilivyorukwa.

Je, jambo hili latuhusu? Latuhusu sana. Idadi iliyotiwa chumvi huvuta huruma ya wageni, lakini haijengi choo hata kimoja. Mwenye kupanga vyoo, mabomba ya maji na madarasa hana budi kujua watu ni wangapi, wangapi hulala chumba kimoja, wanapata nini na wanalipa kodi kiasi gani. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 nayo imewawekea daraja lao wenye mapato yasiyofikia shilingi 20,000 kwa mwezi. Iwapo hakuna ajuaye mapato ya jirani zetu, wafua nguo na vibarua wa mjengo, ni rahisi nyumba hizo kuchukuliwa na wenye uwezo, na maskini akabaki kutajwa katika makaratasi tu.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: piteni ploti kwa ploti. Andikeni idadi ya kaya na vyumba, kodi ya mwezi, bei ya mtungi wa maji, na kaya ngapi hutumia choo kimoja. Majina msiandike, siri ya nyumba ya mtu iheshimiwe. Msiongeze, wala msipunguze. Kisha daftari hilo lisomwe mbele ya wakuu katika vikao vya kukusanya maoni ya wananchi.

Adaiye haki kwa hesabu ya kweli si rahisi kumjibu kwa maneno matupu.