"Mimi ni Karani Tu": Hoja Isiyosimama



Vijana wetu wengi, na hasa mabinti waliohitimu vyuo vya uhazili na utawala, wanaajiriwa katika ofisi za madalali wa hisa na kampuni za uwekezaji jijini Dar es Salaam. Wengine huitwa wasaidizi wa utawala, wengine makatibu muhtasi. Wakiuliza misikitini hukumu ya ajira hiyo, hupewa jibu moja kati ya mawili. Wapo wanaowaambia: "Wewe ni karani tu, hushiki fedha ya mtu, pokea mshahara wako." Na wapo wanaowaambia: "Hapo pana riba, ondoka kesho." Sisi tunayakataa majibu yote mawili.

Tuanze na hilo la kwanza, maana ndilo linalopendwa. Neno "karani tu" halina mahali katika dini hii. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikwa kwa deni. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na inamkataza asikatae kuandika. Aya chache tu kabla yake, kuanzia ya 275, riba inakemewa kwa ukali usio na mfano. Kisha katika Hadithi ya Jabir bin Abdillah (R.A.) iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wa riba, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake, na akawaweka wote katika daraja moja. Basi mwandishi yule yule anayepewa heshima katika Aya ndiye anayelaaniwa katika Hadithi. Kinachotofautisha ni kile anachokiandika. Sasa huyo anayempa binti wa watu ruhusa ya kujificha nyuma ya kalamu, ruhusa hiyo ameitoa wapi?

Na tutazame anaandika nini. Mteja akifika, karani humjazia fomu ya kufungua akaunti ya hisa na kuambatanisha nakala ya kitambulisho. Akitaka kununua au kuuza, karani huipokea fomu ya agizo, huigonga mhuri wa tarehe, huipeleka kwa dalali na kuihifadhi kwenye jalada. Simu ya anayeulizia gawio lake huipokea yeye. Mteja wa pili hataki hisa, anataka hatifungani za Serikali, ambazo malipo yake ni riba iliyotajwa waziwazi kwa asilimia na kulipwa kila baada ya miezi sita. Huyu naye huandaliwa karatasi za mnada wa Benki Kuu na karani yule yule, kwa kalamu ile ile.

Hisa zenyewe si kitu kimoja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za Tanzania Oxygen, kampuni ya gesi za viwandani na hospitali. Nani atasema kumiliki sehemu ya kiwanda cha oksijeni ni haramu kwa dhati yake? Lakini mwaka huo huo ikaingia kampuni ya bia, ikafuata ya sigara, na mwaka 2008 na 2009 zikaingia NMB na CRDB, ambazo biashara yao kubwa ni mikopo ya riba. Hata saruji ina mjadala wake. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, katika kiwango chake cha 21, imeweka mpaka wa asilimia 30 kwa madeni ya riba ya kampuni na asilimia 5 kwa mapato yake ya haramu. Wako wanavyuoni wanaokataa hata kiasi hicho, nasi hatuwalaumu.

Kwa hiyo anayejaza karatasi za hatifungani anaandika riba, na hakuna cheo kitakachomsafisha. Anayehudumia hisa za viwanda vya halali hayumo katika hukumu hiyo. Anayehudumia vyote, nao ndio wengi, anawajibika kumwendea meneja wake na kuomba ahamishiwe dawati jingine. Akikataliwa, aanze kutafuta kazi nyingine kwa bidii ya kweli.

Liko jambo jingine ambalo wahubiri wetu hawaligusi, labda kwa kuwa halina jina la riba. Wateja, hasa wazee, huacha ofisini fomu tupu zilizokwisha kutiwa saini, kwa kumwamini dalali. Jijini Nairobi, Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria Machi 2008, huku wateja wakilalamika kwamba hisa zao zimeuzwa bila idhini yao. Hatumtuhumu karani yeyote kwa hilo. Tunasema tu kwamba fomu tupu yenye saini ni amana, na karani ndiye wa kwanza kuiona. Airudishe kwa mwenyewe.

Sasa tuwageukie wenye kusema "ondoka kesho". Aende wapi? Kazi za halali za namna hiyo zipo, ila ni chache. Amana Bank ilianza mwaka 2011, na mwaka 2022 KCB Tanzania ilitoa sukuk yake iitwayo Fursa. Sukuk nayo ina fomu na majalada yanayohitaji karani. Lakini tajiri wa Kiislamu mwenye maduka Kariakoo, anayekaa safu ya mbele siku ya Ijumaa na kuitikia "Allahu Akbar" riba inapolaaniwa, akimwajiri binti huyo humlipa nusu ya alichokuwa akilipwa, bila mkataba wala mchango wa hifadhi ya jamii. Huyo ana haki gani ya kumtazama kwa jicho baya anapochelewa kuondoka?

Na kamati zetu za misikiti je? Ziko zinazoweka sadaka za waumini katika akaunti ya akiba inayozaa riba, na mweka hazina huiandika kila mwaka katika daftari la mapato. Huyo naye ni mwandishi. Ijumaa ijayo waumini waombe daftari hilo lisomwe hadharani, na kamati ieleze riba iliyokwisha kuingia ni kiasi gani, na imekwenda wapi.