Alama ya ukucha

KUTOKA MKOLANI
Na Kabula Masanja

Tulipokuwa watoto, mama hakuhitaji kutuuliza kama tumetoka ziwani. Alikushika mkono, akapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukitokea mstari mweupe, kesi imekwisha. Kaka zangu walichapwa, na kesho yake wakarudi majini. Mimi nilichapwa mara moja nikaacha. Ndivyo nilivyofikisha miaka 61, mzaliwa wa Mwanza, mwalimu mstaafu, sijui kuogelea.

Hebu litazame neno lenyewe. Kuogelea limezaliwa na kuoga. Kuoga tulijua wote. Hicho kipande cha mwisho wasichana tuliwaachia wavulana.

Simlaumu mama. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, nilikuwa mwalimu kijana, na makaburi ya waliokufa, pale Igoma, yalinithibitishia kuwa ukucha wake ulikuwa na hekima. Kilichonivuruga ni Septemba 20, 2018. MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara, nchi kavu inaonekana kwa macho, wakafa watu zaidi ya 220. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Aliyenaswa chini ya kivuko hana pa kuogelea. Lakini tangu siku ile, kila nikipanda kivuko cha Ukerewe naupima ufukwe kwa jicho na kujiuliza ningejikokota mita ngapi. Jibu lilikuwa hata moja.

Wastaafu wenzangu wakikutana wanazungumzia kikokotoo cha mafao. Mimi mwaka jana nilipanda bodaboda saa kumi na mbili asubuhi hadi Luchelele, nikamwomba mvuvi mmoja anifundishe, kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho. Alicheka kwa adabu. "Mwalimu, kwanza uache kupigana na maji."

Siku nne nzima hakuniruhusu kupiga mkono. Somo lilikuwa kuelea tu: kifua kijae pumzi, masikio yazame, macho yaangalie juu. Boya letu lilikuwa dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa barabara. Watu wa pwani wana chumvi inayowainua kidogo. Yetu ni maji baridi, kama vitabu vinavyoyaita, ingawa alfajiri yana uvuguvugu kuliko ya bombani kwangu, na hayambebi mtu bure. Siku ya kwanza nilijifunga khanga, ikanivuta chini kama nanga. Sasa ni taiti nyeusi na fulana ya mikono mirefu, na anayetaka kusema na aseme. Watoto waliokuja kuchota maji walipiga kelele, "Bibi anazama!" Nikawasahihisha nikiwa chali: bibi anaelea.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, hupenya ngozini, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali. Kwa hiyo tunaingia asubuhi, mbali na matete, na bado naenda kupima. Nikikutwa nacho, dawa ya praziquantel ipo. Kuzama hakuna kidonge.

Mwaka 2014 Otto Thaning, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, aliogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa akiwa na miaka 73. Mimi mpaka leo nimetoka kwenye jiwe hadi kwenye mtumbwi, mita arobaini hivi, dumu likinifuata nyuma kama mbuzi wa kamba.

Hapa Mwanza asasi ya EMEDO imekuwa ikifundisha watoto kuogelea ili wajiokoe. Vizuri sana. Lakini tazama wanaojaa kivukoni: mama wa dagaa, mwalimu aliyepangiwa kisiwani, babu anayekwenda msibani. Nani atawaandikisha hao? Majaketi okozi yawepo, tena yavaliwe, hilo silibishii. Ninachotaka ni kila mwalo utenge asubuhi moja kwa wiki kwa ajili ya watu wazima, kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kisimamie, na mvuvi anayefundisha alipwe. Wa kwangu alikataa hela, nikamletea mchele. Huo si mpango, ni ukarimu wa mtu mmoja.

Jumapili iliyopita nilipita kwa mama. Ana miaka 86, macho yamefifia. Nilimwamkia, akanishika mkono asiuachie. Ukucha ukapita polepole, kutoka kiwikoni hadi kwenye saa. Akainama kuangalia, hakuona kitu. Ikabidi nimwambie mimi.

"Upo, mayu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza maji yalinifika wapi.

"Yalinipita kichwa."

"Na ukarudi?"

"Nikarudi."

Akaniambia nikapake mafuta.