Omeprazoli iuzwe, lakini kwa tarehe

Kiungulia kikimbana mtu, mara nyingi haanzii hospitali. Huenda duka la dawa la mtaani, akakatiwa vidonge kumi vya omeprazoli, akaondoka. Wapo wanaotaka dawa hii isitoke bila cheti cha daktari.

Hoja yao ina uzito. Omeprazoli huzima pampu zinazomwaga tindikali tumboni, hivyo maumivu hupoa hata chanzo kikibaki palepale. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kuwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori husababisha vidonda vya tumbo. Omeprazoli peke yake haimmalizi. Lazima iandamane na antibiotiki. Tena aliyeimeza ndani ya wiki mbili kabla ya kupimwa choo anaweza kuambiwa hana bakteria, kumbe anaye. Nafuu hiyo ya maumivu inaweza pia kuficha saratani ya tumbo. Na tindikali yenyewe ni kinga: ikipungua, vijidudu vya chakula na maji, hata vya kipindupindu, hupenya kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, cheti si dawa ya tatizo hili. Antibiotiki zinadai cheti kisheria, lakini maduka mengi huziuza bila kukiona. Tukiibana omeprazoli vivyo hivyo, atakayeumia ni mgonjwa wa kijijini aliye mbali na daktari.

Marekani iliiruhusu bila cheti mwaka 2003, kwa sharti lililoandikwa kwenye boksi: siku 14 tu, na isirudiwe kabla ya miezi minne. Kwetu boksi hubaki dukani, kwa kuwa wateja wengi hawamudu dozi nzima. Sharti hubaki nalo. Mtumiaji humeza miezi mingi. Akiacha ghafla, tindikali hufurika kwa muda, naye hudhani ugonjwa umerudi, akanunua tena.

Basi sharti lihamie kwenye bahasha ya dawa. Muuzaji aandike tarehe ya mwisho ya kumeza, na aulize kama mteja anatumia dawa ya maumivu ya diklofenaki, amepungua uzito, anameza chakula kwa shida au anapata choo cheusi. Anayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, au anayerudi kabla ya miezi minne, aelekezwe kupimwa. Mamlaka za dawa zianze kukagua hilo kabla ya kufikiria cheti.