Siku ya Idi Si Konji ya Mfanyakazi



Kila Ramadhani ikikaribia, madukani hapa Rumonge husikika maneno yale yale. Kijana anaomba konji yake ya mwaka, yaani likizo, na tajiri anamjibu: "Si nitakupa Idi?" Jawabu hili tunalipinga waziwazi, na tunalipinga zaidi linapotoka kwa tajiri anayesali safu ya mbele.

Idi zote mbili ni sikukuu za taifa Burundi. Hata mfanyakazi asiye Muislamu anapumzika. Vipi basi siku ambayo nchi nzima imefunga kazi ihesabiwe kuwa hisani ya mwenye duka? Sheria ya Kazi ya mwaka 1993 ilitaja siku moja na theluthi mbili kwa kila mwezi wa utumishi. Piga hesabu: miezi 6 ni siku 10, mwaka mzima ni siku 20, na mshahara unaendelea. Tena ni siku za kazi, sikukuu hazimo. Sheria hiyo ilirekebishwa Novemba 2020, na haki ya likizo yenye malipo ikabaki.

Wenye mitumbwi nao wana hoja yao. Wanasema wavuvi wao hupumzika kila mwezi, kwani mbalamwezi ikiwaka taa haivuti ndagala. Kweli, haivuti. Lakini siku hizo nyavu anashona nani? Mtumbwi unaovuja anaziba nani? Na mvuvi anayelipwa kwa fungu, usiku asioingia ziwani hapati hata faranga. Huko ni kukosa kazi, wala tusikuite mapumziko. Mwaka 2024 jirani zetu wa Tanzania walisimamisha uvuvi katika ziwa hili hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ndagala walipewa miezi mitatu! Yaya anayelea watoto wetu hajapewa wiki.

Ndiyo, yaya. Hapa wengi watanuna. Binti ametoka milimani Bururi, anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala wa mwisho, na mwaka unapita hajamuona mama yake. Kusema kwamba hana mkataba ni kujificha nyuma ya karatasi ambayo sisi wenyewe hatukutaka kuiandika.

"Duka ni dogo, akiondoka nani atauza?" Swali hilo ni la haki. Lakini malaria ikimlaza wiki nzima duka halifungwi, mtoto wa shangazi huitwa akakaa. Kinachoshindikana ni kupanga. Chukua daftari, andika jina, siku alizopata, siku zilizobaki. Wenye mashine za mawese wanajua miezi ya chikichi nyingi na miezi ambayo mashine iko kimya. Mpe hiyo ya kimya, ila mkubaliane mapema na umlipe, sio kumwambia jioni "kesho usije" halafu ukaita hiyo konji. Anayetaka kumi la mwisho la Ramadhani aseme mapema, wapeane zamu.

Na akiacha kazi kabla hajazichukua, siku zake zihesabiwe pesa pamoja na mshahara wa mwisho, siku hiyo hiyo, asizungushwe njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka nauli ya kurudi kwao Nyanza-Lac imwishie mkononi.