Kichochoro Kinapoishia Getini

Apitaye Holili huona maduka na maghala yaliyojipanga kando ya barabara iendayo Taveta. Nyuma yake mambo ni mengine. Shamba hukatwa viwanja, kila mnunuzi hujenga ukuta wake, na kichochoro huishia kwenye geti la mtu. Majirani wanaoonana kwa macho hutembeleana kwa kuzungukia barabara kuu, katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

Hilo si jambo la wapima ardhi peke yao. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki ndani ya saa mbili, na dakika za kumbeba hadi gari lilipokwama zimo katika hesabu hiyo. Mwaka 2020 watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha kuwa, tangu 1975, mitaa mipya katika sehemu kubwa ya dunia imezidi kukosa viungo. Na njia ikishawekwa, ni shida kuihamisha. Holili ingali ndogo. Kuvunja ukuta mmoja ni nafuu kuliko kufidia mtaa mzima. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ndio wanaozijua njia hizo kwa miguu yao, wapewe nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji kabla shamba jingine halijauzwa.