MOTO USIINGIE BANDANI



Ijumaa baada ya sala tunakutana chini ya mwembe kuamua jambo moja. Banda letu la mbata tulipatie joto la namna gani kabla ya mvua za vuli? Fedha iliyomo kwenye kisanduku ni jasho la kila mmoja wetu, na ikitumika vibaya hairudi. Kwa hiyo naandika leo hapa ukutani, ili kila mtu aje mkutanoni ameshafikiri. Asije mtu akainua mkono kwa sababu jirani yake kainua.

Kwanza nitasema kosa langu, maana mficha uchi hazai. Vuli iliyopita mvua ilitushika na nazi zimeshapasuliwa. Aliyesema tuwashe kuni palepale katikati ya banda ni mimi katibu wenu. Mnakumbuka yaliyotokea. Kina mama waliokuwa wakigeuza mbata walitoka macho mekundu, wanakohoa. Mbata ikawa nyeusi juu kama chungu, ndani bado mbichi. Tulipeleka magunia manne mjini. Mnunuzi akafungua moja, akanusa, akalifunga. Tukayarudisha yote kwa gari ya shamba, nauli tukalipa mara mbili. Na lililo kubwa kuliko yote, cheche iliruka ikakaa kwenye kuti la paa. Mtoto mmoja akaiona akapiga kelele, tukawahi na ndoo. Lau si mtoto yule, leo tusingekuwa na banda la kubishania.

Mimi nilidhani kazi ni kupata joto tu. Sivyo. Kazi ni kuyatoa maji kwenye nazi, na maji hayatoki kwa joto peke yake. Yanataka joto na upepo pamoja. Nguo mbichi ukiifungia chumbani na jiko la makaa, chumba kitakuwa hamamu na nguo itabaki na unyevu. Joto bila njia ya hewa huchemsha, halikaushi.

Sasa tufanye hesabu. Miye hesabu nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nazifanya polepole. Anayejua zaidi anisahihishe. Nyama ya nazi mbichi karibu nusu yake ni maji. Mbata nzuri hubakisha maji kiasi cha sehemu 6 tu katika 100. Basi ukiingiza kilo 100 mbichi, utatoa mbata kilo 53 hivi. Kilo 47 zilizopotea ni maji, yaani ndoo mbili kubwa na zaidi, ambazo lazima zipande hewani ziende zao. Zisipokwenda, mbata inaota kuvu. Na kuvu si kuharibu bei tu. Kuvu wengine wana sumu, ndiyo ile inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula chakula cha mahindi yenye sumu hiyo. Sisi mashudu ya mbata tunawapa ng'ombe, na sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto wetu. Jambo hili si mchezo.

Tuziangalie njia zilizotajwa, moja moja.

1. Umeme. Vijana wanautaka, nami siwalaumu, kwani hauna moshi. Lakini kuzigeuza mvuke ndoo zile mbili na zaidi za maji, hata mashine isiyopoteza joto hata chembe ingekula yuniti 30 hivi. Mashine za kweli zinapoteza, kwa hiyo zitakula zaidi. Pigeni wenyewe hesabu ya Tukuza kwa kila kilo 100. Jambo la pili, umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka Bara tangu mwaka 1980. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Ni kweli mwaka 2013 ulitandikwa waya mwengine mkubwa zaidi, na hali ni bora. Hata hivyo mwenye nazi zilizokwisha kupasuliwa hawezi kungoja fundi. Umeme tuwekee taa na feni ndogo. Moto usiutegemee.

2. Makaa na gesi. Zote za kununua, na bei hatuipangi sisi. Mkaa ukiwashwa ndani ya nyumba iliyozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomwua mtu usingizini. Mlinzi wetu wa usiku ana watoto.

3. Kuni za mikoko. Hapa nitasema wazi. Wapo wanaosema mikoko iko karibu na ni bure. Bure kwa nani? Pale kwenye mizizi ndipo dagaa na kamba na kaa wadogo wanapokulia, na ndiyo inayozuia bahari isile ardhi. Tukiichoma kukausha nazi, tutakuwa tumeuza ngalawa kununua kasia.

4. Kuanika chini kama tulivyozoea. Jua ni la Mungu, halina risiti. Lakini kuanika kunataka siku tano mpaka saba za jua zuri, na kuku, mchanga, nzi na manyunyu vyote vinataka fungu lao. Kiangazi tutaweza. Vuli na masika hatuwezi.

Basi tufanye nini? Jibu nimelipata mjini, mahali ambapo nimepita miaka mingi bila kufikiri. Pale Mji Mkongwe kuna mtaa unaitwa Hamamni, kwa sababu ya hamamu aliyoijenga Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888. Kidichi nako iko hamamu ya zamani zaidi, ya Sayyid Said, ya mwaka 1850. Watu walikuwa wakiingia humo kukoga kwa maji moto na kutoka jasho. Hivi mnadhani waliwashiwa kuni mbele ya pua zao? Hata. Moto ulikuwa na mahali pake, na mkogaji alikuwa na mahali pake. Lililomfikia ni joto, si moshi. Ikiwa mabwana wale walijua kujitenga na moshi, kina mama wanaogeuza mbata zetu wana kosa gani?

Pendekezo langu ni hili, lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kaushio la jua. Ni meza ndefu yenye sanduku. Chini bati lililopakwa rangi nyeusi, katikati wavu wa kupangia nazi, juu nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Upande wa chini tunaacha matundu ya hewa kuingia, na upande wa juu matundu ya mvuke kutoka. Weusi huvuta joto. Aliyetembea saa saba mchana na baibui hana haja ya kufundishwa hilo. Nazi haziguswi na kuku wala mvua, na manyunyu ya robo saa hayatutoi mbio na majamvi.

Sehemu ya pili ni tanuri, kwa siku za mawingu. Lakini lisiwe bandani. Tujenge chumba kidogo hatua ishirini mbali na banda, kuta za mawe na chokaa, paa la bati. Ndani tupitishe mapipa yaliyounganishwa kama bomba, mdomo wa moto uwe nje, na dohani itokee nje juu kupita paa. Hewa safi inaingia chini, inapata joto kwenye mapipa, inapanda kupitia nyavu za nazi, inatokea juu. Moshi na mbata havikutani. Joto lisizidi nyuzi 70, maana likizidi nazi inaungua juu na kufungia maji ndani, kama nilivyofanya mimi.

Na kuni? Kuni tunazo, tunazitupa. Vifuu! Kifuu kikavu kina moto mkali na moshi mdogo. Wenzetu wa Sri Lanka wanakausha mbata kwa vifuu vya nazi zao wenyewe. Wanavipanga safu, kifuu ndani ya kifuu, moto unatembea polepole usiku kucha. Makumbi tuyaache, moshi wake mwingi, na kamba tunaihitaji.

Najua yatakayosemwa. Mmoja atasema, vitu viwili ni gharama. Kweli. Kwa hiyo tuanze na kaushio moja mwezi huu, na tanuri lifuate. Mawe yapo, mikono ipo. Cha kununua ni mapipa, bati, nailoni na wavu. Mwengine atasema, wazee wetu walianika juani wakaishi. Walianika, ndiyo, na mvua ilipowaharibia walikula hasara kimya kimya. Sisi tumeshajua, hatuna udhuru.

Liko zito moja na sitalificha. Tanuri linataka mtu akeshe. Vifuu havijitii wenyewe motoni. Tukipitisha jambo hili, ni lazima tupange zamu za usiku, wanaume kwa zamu, asiwepo wa kusema mgongo unauma kila ikifika siku yake. Kama hatuko tayari kukesha, tuseme Ijumaa mapema, tuweke kaushio peke yake na tukubali kwamba siku za mawingu hatupasui nazi. Hilo nalo ni uamuzi wa heshima. Lisilo la heshima ni kujenga tanuri kisha kuwaachia kina mama.

Naomba kila mtu aje na kitu kimoja mkutanoni, swali au hesabu. Na nazi zisipasuliwe mpaka tumeamua.

Zamu ya usiku wa kwanza niandikeni mimi. Deni la vuli iliyopita ni langu.

Katibu wenu wa Tawi.