Mtoto akishachanjwa, nani anamuuliza mama?

Vijana wenzangu, mwaka 2010 kule Australia Magharibi watoto wadogo walishikwa na homa kali na degedege baada ya aina moja ya chanjo ya mafua. Aprili hiyo ikabidi chanjo ya mafua isimamishwe kwa walio chini ya miaka 5. Siku hizi kule, siku chache baada ya sindano, mzazi anapata SMS: mtoto alipata shida yoyote? Anajibu ndiyo au la. Ndiyo zikizidi, wahusika wanashtuka mapema.

Huku kwetu mtoto akichemka usiku ni mama na kitambaa cha maji baridi, basi. Halafu tunaambiwa eti tunaogopa chanjo! Mimi sipingi, mpwa wangu nilimpeleka mwenyewe. Lakini namba ya simu si nilipeana palepale kliniki? Mbona hawaitumii?